Waya, faili, DAC au spika: pesa ya muziki iende wapi?

Mtu mwenye laki tano mkononi na hamu ya kusikia muziki vizuri zaidi nyumbani hatakosa washauri. Mmoja atamwambia abadilishe waya za spika. Mwingine atamwambia aachane na MP3, ahamie kwenye faili za "ubora wa studio". Wa tatu atamsukumia DAC, kile kiboksi kinachogeuza namba za faili kuwa umeme wa sauti. Wa nne atamtuma kutafuta santuri. Kila mmoja atakuwa amesikia tofauti kwa masikio yake, na wengi wao hawasemi uongo. Nimeziweka njia hizo kando kwa kando, na kipimo changu ni kimoja: je, tofauti inabaki pale msikilizaji asipojua ni kifaa gani kinachopiga?

Kipimo hicho nakishikilia kwa sababu sikio halifanyi kazi peke yake. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walionyesha kwamba ukimpigia mtu sauti ya "ba" huku anatazama midomo inayotamka "ga", mara nyingi atasikia "da". Ukimweleza siri yenyewe bado atasikia "da" mpaka afumbe macho. Bei nayo inaingia vilevile. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani waliwaonjesha watu mvinyo uleule mara mbili, mara wakiambiwa ni wa dola 10, mara wa dola 90. Ule wa "dola 90" ulipendwa zaidi, na picha za ubongo zilionyesha sehemu inayohusika na raha ikichangamka zaidi. Hiyo ndiyo plasebo, ileile inayompa nafuu mgonjwa aliyemeza kidonge kisicho na dawa. Kwa hiyo anayesema "nimesikia" amesikia kweli, na raha yake ni halali. Lakini anayeomba ushauri wa kununua anastahili kujua ni wapi analipia sauti na ni wapi analipia matarajio. Matarajio hupoa, na spika mbovu inabaki palepale sebuleni.

Usidhani ujuzi unamkinga mtu. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, wakiwa kampuni ya Harman huko California, waliwakalisha wafanyakazi 40 wa kampuni hiyohiyo mbele ya spika nne. Spika zilipoonekana, alama zilifuata ukubwa, sura na jina. Pazia liliposhushwa, zile kubwa za kifahari zilishuka, na ile ndogo ya bei nafuu ikapanda. Na hao ni watu wanaokula kwa kutengeneza spika.

Waya wa bei dhidi ya waya wa umeme

Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, maneno huwa machache: "Bosi, chukua huu, ndio original, mziki unatoka mnene." Unaushika mkononi na kweli ni mnene, plastiki yake inapitisha mwanga na nyuzi zinang'aa ndani. Sehemu kubwa ya unene huo ni plastiki.

Tupige hesabu. Spika ya ohmu 8 iko mita 5 kutoka kwenye amplifaya. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo unapita mita 10 za shaba. Waya wa milimita za mraba 1.5, ule ambao fundi wa nyumba anautandika kwa ajili ya taa, una ukinzani (yaani kiasi unachouzuia umeme, kinachopimwa kwa ohmu) wa takriban ohmu 12 kwa kilomita. Kwa mita 10 hiyo ni ohmu 0.12, na sauti inapungua kwa kama desibeli 0.13 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ule wa 2.5, wa kwenye soketi, unapunguza kama 0.08. Hata ule mwembamba wa 0.5 unaokuja bure ndani ya boksi unapunguza kama 0.4. Katika muziki wa kawaida, sikio linahitaji badiliko la karibu desibeli 1 ili lishtuke kwamba sauti imepanda au imeshuka. Hakuna waya wa dola elfu moja unaoweza kukurudishia zaidi ya hicho kidogo kilichopotea, na waya wa soketi umeshakirudisha karibu chote.

Mahali ambapo waya unasikika kweli ni pale ulipo mwembamba na mrefu. Uvute ule wa 0.5 mita 15 hadi kwenye spika za uani na umeshapoteza zaidi ya desibeli 1. Tena upotevu huo hauwi sawa kwa besi na kwa sauti za juu, maana ukinzani wa spika wenyewe hubadilika kadiri masafa ya sauti, yaani unene au wembamba wa mlio, yanavyobadilika. Hapo nunua waya mnene bila kusita.

Shaba "isiyo na oksijeni" inapitisha umeme vizuri kuliko shaba ya kawaida ya umeme kwa kama asilimia 1 hivi. Sitailipia. Hofu yangu sokoni iko kwingine kabisa: waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba halisi au zaidi kidogo, na unauzwa kwa jina la shaba. Kata ncha, kwaruza nyuzi moja kwa wembe. Ikitoka nyeupe, hiyo ni alumini, hata kama ganda limeandikwa nini.

Waya za kidijitali, yaani HDMI, USB na za mwanga, hazihitaji maelezo marefu. Zinabeba namba. Namba zikifika, zimefika. Zisipofika utasikia sauti inakatika, inakwaruza au inapotea kabisa. Hakuna njia ambayo namba zilizofika pungufu zitaifanya besi iwe laini au sauti ya mwimbaji isogee mbele.

MP3, CD na faili kubwa

Hapa pana ubishi mwingi, na upande mmoja wa ubishi una haki. Nianze na uzito, kwa sababu wengi wetu tunalipia bando. Wimbo wa dakika 4 kwenye MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde ni kama MB 4. Kwenye 320 ni karibu MB 10. Ukiuweka kwa ubora wa CD kwenye faili ya FLAC, inayobana bila kutupa chochote, unacheza kati ya MB 20 na 30. Ukiuchukua kwenye faili inayopima wimbi la sauti mara 192,000 kwa sekunde (kila kipimo huitwa sampuli) na kuandika kila kipimo kwa biti 24, unavuka MB 100.

Kati ya 128 na 320 tofauti ipo na wengi wanaisikia wakielekezwa pa kusikiliza. Usisikilize besi wala sauti ya mwimbaji. Sikiliza kayamba, matoazi, makofi ya kwaya, vigelegele. Sauti hizo huanza ghafla na zina ncha kali, na ndizo zinazoisumbua MP3 iliyobanwa sana. Kwenye 128, hasa iliyotengenezwa na programu za zamani, kayamba haina tena punje zinazotengana. Inakuwa mvumo mmoja, na kabla ya kila pigo kunatangulia kivuli kidogo cha pigo lenyewe. Kwenye 320 punje zinarudi. Kama unabakiza muziki wa maisha yako kwenye simu, epuka 128 ya aina hiyo.

Ila namba 320 iliyoandikwa kwenye faili haihakikishi kitu. Nyimbo nyingi zinazozunguka kwenye simu zetu zilichotwa kwenye video, zikageuzwa MP3, mtu mwingine akazigeuza tena ili zisomeke 320. Kilichotupwa mara ya kwanza hakirudi. Faili imenenepa tu.

Sasa CD dhidi ya faili kubwa. CD, iliyoingia sokoni Japani mwaka 1982, inachukua sampuli 44,100 kila sekunde kwa biti 16. Matangazo ya faili kubwa hupenda kuchora sauti ya CD kama ngazi zenye kona, na ile ya faili kubwa kama mstari laini. Mchoro huo unapotosha. Kanuni ya sampuli inasema kwamba sampuli 44,100 zinatosha kurudisha kikamilifu kila mtetemo ulio chini ya 22,050 Hz (Hz ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), na kinachotoka kwenye DAC ni wimbi laini lisilo na ngazi. Sikio la kijana linaishia karibu 20,000 Hz, na watu wengi wa miaka 50 hawafiki hata 15,000. Biti 16 nazo zinatoa nafasi ya desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Chumba kilichotulia usiku kina kelele za kama desibeli 30. Ili uitumie nafasi yote hiyo ungelazimika kufungulia muziki mpaka 126, na hapo masikio yanaumia.

Mwaka 2007 jarida la Audio Engineering Society, chama cha wahandisi wa sauti, lilichapisha jaribio la Brad Meyer na David Moran. Walicheza rekodi za ubora wa juu, kisha kwa siri wakawa wanapitisha sauti ileile kwenye kifaa kinachoishusha hadi kiwango cha CD. Kati ya majibu 554, sahihi yalikuwa 276. Ni sawa na kurusha sarafu. Watetezi wa faili kubwa wana jibu, na ni haki lisikike: mwaka 2016 mtafiti Joshua Reiss wa London alikusanya majaribio 18 yenye majibu zaidi ya 12,500 na kupata asilimia 52.3 sahihi, huku waliofundishwa kabla ya jaribio wakikaribia asilimia 60. Kwa hiyo huenda kuna kitu kidogo sana ambacho mtu aliyefunzwa anakinasa mara kwa mara. Mimi siwezi kumshauri mtu alipie MB 100 kwa wimbo kwa ajili ya hicho.

Kwa nini basi toleo kubwa la albamu husikika tofauti kabisa na la zamani? Mara nyingi fundi ameichanganya upya au ameisawazisha upya rekodi yenyewe, hakuilazimisha ipige kwa kelele mwanzo hadi mwisho kama toleo la mwanzo. Tofauti hiyo ni ya kweli, inasikika hata kwa mtu asiyejali, na ungeibana ikawa MP3 ya 320 ingeendelea kusikika. Tafuta toleo zuri kabla ya kutafuta faili kubwa.

Kama huduma unayotumia inakupa ubora wa CD bila kuongeza bei, kama Apple Music inavyofanya tangu 2021, uwashe nyumbani kwenye Wi-Fi na uuzime njiani. Bluetooth ya kawaida itaibana sauti tena kabla haijafika masikioni.

DAC na amplifaya

Apple inauza Marekani kwa dola 9 kile kikebo kifupi chenye tundu la hedifoni. Ndani yake mna DAC kamili, na kelele zake zikipimwa ziko chini kuliko unavyoweza kusikia ukiwa unasikiliza muziki. Simu yako ikivuma au kukwaruza kupitia tundu lake, kikebo cha aina hiyo kinatatua. Kama haivumi, DAC ya bei kubwa haina cha kuondoa.

Amplifaya ni habari nyingine kidogo, kwa sababu nguvu inahitajika. Spika ngumu kusukuma kwenye amplifaya dhaifu zitapasua sauti kabla hujafika kiwango unachotaka. Zaidi ya hapo, amplifaya mbili nzima zilizowekwa kwenye ukubwa uleule wa sauti ni vigumu mno kuzitofautisha.

Maneno hayo, ukubwa uleule, ndiyo yanayoharibu karibu kila ulinganisho wa dukani. Kifaa kinachopiga kwa sauti kubwa zaidi kwa chini ya desibeli 1 hakisikiki kama kikubwa. Kinasikika kama kisafi zaidi, chenye besi zaidi, chenye uhai. Muuzaji anaweza kukufanyia hivyo bila hata kukusudia. Ulinganisho wa haki unataka vifaa vilingane ndani ya desibeli 0.1. Kwa mita ya fundi ya kupimia volti, hiyo ni volti 2.00 upande mmoja na isizidi 2.02 upande wa pili, ukipiga mlio mmoja wa 50 au 100 Hz na kupima pale waya zinapoingia kwenye spika. Hata mita ya bei nafuu inasoma vizuri masafa hayo ya chini.

Spika na chumba

Tumekuwa tukihesabu sehemu za desibeli moja. Chukua sasa spika mbili tofauti: katika baadhi ya masafa zinaachana kwa desibeli 5, hata 10. Ziweke spika zilezile kwenye vyumba viwili, utapata tofauti kubwa kama hiyo au zaidi, hasa kwenye besi. Hakuna haja ya pazia hapa. Mgeni asiyejua lolote kuhusu muziki atakuambia kimebadilika nini.

Chukua sebule ya kawaida ya mjini: kuta za tofali zilizopigwa plasta, sakafu ya vigae, madirisha ya kioo, makochi na meza. Simama katikati upige kofi moja. Ukisikia mlio unaojirudia haraka kama chuma, huo ndio unaoingia ndani ya kila neno la mwimbaji. Zulia zito kati yako na spika, pazia nene juu ya kioo na kabati la vitabu lisilojipanga sawasawa vitafanya kazi ambayo hakuna DAC inayoweza kuifanya.

Besi ina mambo yake. Chumba chenye urefu wa mita 4 hurundika mawimbi ya karibu 43 Hz, jirani kabisa na uzi wa chini wa gitaa la besi, ambao ni 41 Hz. Ukikaa umeegemea ukuta besi inakuvumia kifuani, ukikaa katikati kabisa inapotea. Watu wengi wanaolalamika kwamba sabufa yao "haina mziki" wameweka kochi kwenye nukta hiyo ya katikati, na wanaolalamika kwamba inavuma wameisukuma sabufa kwenye kona. Sogeza kochi nusu mita. Toa spika kwenye kona, ziache sentimita 50 kutoka ukutani kama nafasi ipo, ziinue mpaka vijispika vya sauti za juu vilingane na masikio yako. Fanya hivyo kabla hujanunua kitu chochote.

Ukishindwa kununua zaidi ya kitu kimoja, nunua spika, tena ukiwa umezisikiliza kwa nyimbo unazozijua. Spika mbili za ukubwa wa kati zilizotengenezwa vizuri, hata za mitumba kama ukingo wa koni haujapasuka, zitakupa zaidi kuliko mnara wa vifaa wenye taa za rangi. Usikubali kuambiwa "zipige kwanza saa mia moja ndio zitafunguka". Koni mpya hulegea kidogo sana mwanzoni, na kinachobadilika zaidi ni wewe kuzizoea. Zikikukera siku ya kwanza, zirudishe wakati duka bado linapokea.

Kwa hedifoni bei ni mwongozo mbovu kuliko unavyofikiri. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 na hakuona uhusiano kati ya bei na namna zinavyogawa nguvu kati ya besi, sauti za kati na za juu. Ghali inaweza kukupa uimara, mito laini na ukimya. Mgawanyo mzuri wa sauti unapatikana hata kwenye za bei ya chini, na programu ya kusawazisha sauti kwenye simu inaweza kurekebisha nyingi. Kwa zile za kuchomeka sikioni, jaribu mipira yote iliyo kwenye boksi. Isipoziba vizuri, besi yote inavuja, na wengi wamelaumu kifaa kizima kwa ajili ya kimpira kimoja kidogo.

Santuri dhidi ya faili

Wapenzi wa santuri wamesema kwa miaka kwamba wanaisikia dijitali mara tu inapoingia kwenye mnyororo. Mwaka 2022 kampuni ya Marekani ya Mobile Fidelity, inayoheshimika sana kwa santuri zake za bei, ilikiri kwamba nyingi kati ya hizo zilipitia hatua ya kidijitali tangu 2011. Kwa zaidi ya miaka kumi santuri hizo zilisifiwa kwa uhalisi wake wa analogia, yaani sauti isiyowahi kugeuzwa namba, na masikio hayakuwaambia wasikilizaji chochote.

Mimi napenda santuri na nitamshauri mtu anunue, kwa sababu zake halisi. Zipo zilipendwa zilizowahi kutoka kwa santuri ndogo tu na hazijatolewa tena kwa njia nyingine. Zipo albamu ambazo santuri yake ilisawazishwa vizuri kuliko CD. Kuna raha ya kukaa na upande mmoja mpaka uishe. Kwa uaminifu wa sauti peke yake, faili ya CD inashinda kwa kelele, kwa upotoshaji na kwa ukaribu na kilichorekodiwa.

Kujipima mwenyewe

Kama bado unaamini kifaa fulani, kipime. Kwa faili, programu ya foobar2000 ina nyongeza ya kukupigia A na B, kisha X usiyoijua, nawe unasema X ni ipi. Kwa waya au amplifaya, sawazisha sauti kama nilivyoeleza, mwombe ndugu akae nyuma ya pazia, arushe sarafu kila zamu na aandike. Asiongee nawe na usimwone uso. Fanya zamu 16. Ukipatia 12 au zaidi, uwezekano wa kufika hapo kwa kubahatisha tu ni chini ya asilimia 4, nami nitakuwa wa kwanza kukuambia ununue. Ukipatia 8 au 9, laki zako bado unazo.

Kwa anayesikiliza zaidi ndani ya daladala au matatu kuliko sebuleni, mpangilio wote huu unabadilika. Hapo tofauti kubwa kuliko zote ni kuziba kelele za nje, iwe kwa mpira unaoziba sikio vizuri au kwa hedifoni zenye kuzima kelele. Bila hivyo utapandisha sauti ili uishinde injini. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika 90, saa zinabaki 4 tu. Mtu wa safari ndefu kila siku aweke pesa yake hapo kwanza, kabla hata ya spika za nyumbani.